Joginder Singh: Fundi wa Kericho Aliyechukua Ndai ya Mitumba Akashinda Safari Rally

Kabla uanze kutamani hotirodi za Marekani, soma hii ya kwetu

Ukipita Frere Town jioni, pale Kengeleni na mitaa ya nyuma kuelekea Kisauni, ni nadra ukose kuona ndai moja imepandishwa juu ya mawe. Tairi hakuna, boneti iko wazi, na mabarobaro wawili watatu wamejipaka grisi hadi kwa viwiko. Ukiuliza unaambiwa hiyo ni projekti, itatoka tu. Wapita njia wanacheka, wengine wanasema hiyo ni skrepa, ipelekwe ikauzwe kwa kilo.

Sasa wewe unayechekwa kwa sababu ya hiyo projekti, keti chini. Leo tunapiga stori ya msee anaitwa Joginder Singh. Kama hujawahi kumsikia, muulize mzee yeyote wa mtaani aliyekuwa kijana miaka ya sabini. Enzi hizo, dereva wa matatu akikanyaga mafuta vibaya, abiria walikuwa wanamuuliza kama anadhani yeye ni Joginder. Jina la mtu likawa neno la kuelezea mwendo. Wachache sana hufikia hapo.

Lakini kuna kitu watu husahau wakisimulia hii stori. Joginder hakuanza kama dereva. Alianza kama fundi.

HOTIRODI NI NINI KWANZA?

Pengine umeziona kwa simu yako, zile gari za zamani za Marekani, milango miwili, mgongo wa mviringo, injini imetoka nje kama moyo uliopasua kifua. Hizo ndizo hotirodi. Watu hudhani zilikuwa za matajiri. Wapi! Vijana wa Marekani, wengi wao wametoka kwa vita vya pili vya dunia na doo kidogo mfukoni, walikuwa wanachukua Ford kuukuu, wanang'oa kila kitu kizito, wanaichezea injini wenyewe, halafu wanaenda kushindana kwenye maziwa yaliyokauka kule California. Gari waliyoipenda zaidi ni Ford ya 1932, kwa sababu mwaka huo ndio Ford ilianza kuuza injini ya V8 kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeweza. Ilikuwa na nguvu za farasi 65 tu. Leo hata Vitz ya shangazi yako inakaribia hapo.

Baadaye wakawa wanashindana barabarani, taa kwa taa, na watu wakawa wanakufa. Ndio mwaka wa 1951 jamaa mmoja anaitwa Wally Parks akaunda chama cha NHRA, kazi yake kubwa ikiwa ni kuwatoa hao vijana barabarani na kuwapeleka viwanjani, robo maili, karibu mita 400, na sheria juu. Hizo ndizo mbio za dragi unazoziona mpaka leo.

Sasa shika hiyo picha kichwani: gari kuukuu, mikono ya fundi, na mwaka wa 1932. Mwaka huo huo, mwezi wa Februari, tarehe 9, mtoto alizaliwa Kericho, katikati ya mashamba ya chai. Huyo ndiye Joginder.

MTOTO WA GEREJI

Baba yake alikuwa Singasinga aliyetoka Punjab, India, akaja Kenya kutafuta maisha kama wengi wa wakati huo. Alikuwa na gereji. Kwa hivyo Joginder hakujifunza gari kwa kuangalia wengine wakiendesha. Alijifunza kwa kulala chini yake. Alijua sauti ya injini inayoumwa kabla ajue kuiendesha kwa kasi. Alijua chuma gani hukatika kwanza barabara ikiharibika, na waya gani unaweza kuufunga ukafika nyumbani.

Mwaka wa 1958 akapata kazi kwa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akiwa mtu wao wa kwanza wa doria barabarani. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: gari yako ikikufia njiani, yeye ndiye anakuja kukuokoa. Fikiria barabara za wakati huo. Lami ilikuwa ya kuhesabu, kwingine kote ni maramu, vumbi, na matope mvua ikinyesha. Kila siku anakutana na gari za kila aina zikiwa zimekufa kwa kila sababu. Kwa mtu mwenye macho, hiyo ilikuwa shule. Wengine waliona kazi ya kuokoa wenye magari. Yeye alikuwa anasoma barabara ya Kenya, jinsi inavyoua magari.

Ukijua hilo, utaelewa kila kitu kilichofuata.

SAFARI HAIKUWA MCHEZO

Safari Rally ilianza 1953, ilipoandaliwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Ikawa inafanywa wakati wa Pasaka, na hapo ndipo uchungu ulipo, kwa sababu Pasaka ni msimu wa mvua ndefu. Njia ilikuwa inazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, karibu kilomita 5,000, mchana na usiku, siku kadhaa mfululizo. Na barabara haikufungwa kama siku hizi. Unatoka kona kwa kasi unakutana na ng'ombe, lori, au mama na mzigo wa kuni.

Unataka kujua ugumu wake? Mwaka wa 1963 zilianza gari zaidi ya 80. Zilizofika mwisho zilikuwa 7. Ndio, saba. Mwaka wa 1968 ikawa hivyo tena, saba tu. Kampuni kubwa za Ulaya zilikuwa zinaleta madereva wao bora, mabingwa wa huko kwao, wanakuja huku wanazikwa na matope ya Uganda na vumbi la Tsavo, wanarudi kwao mikono mitupu. Mpaka 1972 hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyewahi kuishinda Safari. Wa kwanza alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka huo, ndani ya Ford Escort.

Na wale wenyeji waliokuwa wanashinda? Wote walikuwa Wazungu waliokuwa wanaishi huku. Mwafrika hakuwa ameshinda. Mhindi hakuwa ameshinda. Gari za mbio ni mchezo wa doo, na doo ilikuwa inajulikana iko kwa nani.

1965: VOLVO YA MITUMBA

Sasa tuingie mahali penyewe. Mwaka wa 1964, kampuni ya Volvo kutoka Sweden ilileta timu kwa Safari. Mmoja wa madereva wao alikuwa Tom Trana, na huyo hakuwa mtu mdogo. Alikuwa ameshinda mbio za RAC kule Uingereza 1963, na 1964 akazishinda tena. Lakini Safari ya mwaka huo ilichukuliwa na Ford Cortina, si Volvo.

Mwaka uliofuata, Joginder na ndugu yake Jaswant walijitokeza na mojawapo ya zile Volvo. Mitumba kabisa. Gari ambayo tayari ilikuwa imekula kipigo cha Safari, sasa iko mikononi mwa ndugu wawili na spana zao.

Yenyewe ilikuwa Volvo PV544. Itafute picha uione. Milango miwili, mgongo umeinama kwa mviringo, pua ndefu, macho mawili ya taa za duara. Utaapa ni hotirodi ya Marekani. Na si bahati tu. Umbo lake lilichorwa miaka ya arobaini, wakati gari za Marekani ndizo zilikuwa zinaigwa na kila mtu. Kwa hivyo kufika 1965 ilikuwa gari ya mtindo wa kizee. Tena huo huo mwaka wa 1965 ndio Volvo iliacha kuitengeneza. Kampuni yenyewe ilikuwa inaiaga.

Lakini chini ya lile umbo la babu kulikuwa na chuma. Bodi ilikuwa ngumu, injini ya lita 1.8 isiyo na maringo, na mambo machache ya kuharibika. Na kuna kitu kimoja hutaamini: hii PV544 ni miongoni mwa gari za kwanza duniani kutoka kiwandani na mkanda wa usalama wa ncha tatu, ule wa kupita begani na kiunoni, mwaka wa 1959. Mkanda ule ule ambao wewe ukiingia matatu unaukalia.

Kazi waliyofanya hao ndugu ni kazi ya gereji. Unaifungua, unaangalia nini kilichoka, unabadilisha, unafunga tena ukijua kila bolti iko wapi. Wenzao walikuwa na gari mpya na mafundi wa kulipwa. Wao walikuwa na kitu kimoja ambacho hakiuzwi. Ikilia kitu usiku wa manane, dereva mwenyewe anajua ni nini, na ndugu yake kando pia anajua.

Walipopiga kura ya nani aanze, Volvo ikapata namba 1. Kama unajua mbio hizi, unajua maana yake. Kukiwa kavu, wewe wa mbele unaona barabara safi, na kila aliye nyuma anakula vumbi lako. Lakini namba 1 pia inakufanya uwe wa kwanza kuingia kwa kila mto uliofurika na kila tope ambalo hakuna aliyelipima. Hakuna alama ya tairi ya kufuata. Unasoma barabara mwenyewe. Na nani alikuwa amesoma barabara kuliko mtu wa doria?

Walishinda. Na hawakushinda kwa sekunde. Walimwacha wa pili kwa dakika 100. Saa moja na dakika 40! Yaani wao wameshafika, wameosha uso, wamekunywa chai, wamekaa, na wa pili bado hajaonekana.

Kilemba chake kikawa kwa magazeti. Wakampa jina la Singasinga Anayepaa, na wengine wakamwita Simba wa Kenya.

KWA NINI HILO JINA LILIKUWA ZITO

Hapa lazima tusimame kidogo, kwa sababu hii si stori ya gari peke yake.

Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963. Kufika Pasaka ya 1965, swali kubwa mtaani lilikuwa: nani ni Mkenya? Wahindi walikuwa katikati. Wakoloni waliwaweka chini ya Wazungu na juu ya Waafrika, na sasa kila mtu alikuwa anawaangalia kwa jicho la pembeni. Wengine hawakuwa wamechukua uraia. Mwaka wa 1967 zikapita sheria za uhamiaji na leseni za biashara, na maelfu ya waliokuwa na pasi za Uingereza wakafunga virago. Uingereza nayo ikawabania mlango 1968. Kule Uganda, 1972, Idi Amin akawafukuza kwa siku 90.

Katikati ya hayo yote, kulikuwa na mtu wa kilemba, mzaliwa wa Kericho, na watoto wa kila rangi walikuwa wanapanga foleni kando ya barabara kumshangilia. Watoto wa Kikamba, Kikalenjin, Kidigo, wakiigiza sauti ya gari lake kwa midomo, kila mmoja anataka kuwa Joginder. Yule mtoto hakuuliza babu yake alitoka wapi. Aliona mtu wa kwetu anawapiga wa nje. Wanasiasa walikuwa wanahubiri umoja kwa jukwaa. Joginder aliuleta kwa vumbi.

Usinielewe vibaya, mbio hazikumaliza ubaguzi. Lakini kwa siku chache kila Pasaka, jibu la nani Mkenya lilikuwa rahisi kuliko siku zingine.

LANCER DHIDI YA PORSCHE

Wengine wangesema 1965 ilikuwa bahati ya namba 1. Sawa. Basi sogea mpaka 1974. Joginder ana miaka 42, na Safari sasa ni sehemu ya mashindano ya ubingwa wa dunia. Porsche wameleta 911 na Björn Waldegård, Mswidi mwenye mguu mzito. Joginder na mwenzake David Doig wako ndani ya Mitsubishi Colt Lancer, injini ya 1600. Gari ndogo, ya kampuni ambayo haikuwa imewahi kushinda hata mara moja kwenye ubingwa huo.

Fundi akashinda. Porsche ikawa ya pili. Na huo ndio ushindi wa kwanza kabisa wa Mitsubishi kwenye ubingwa wa dunia. Unazijua zile Evo ambazo wewe na wenzako mnazichora kwenye daftari? Mti wao ulipandwa huku, kwa matope ya Pasaka.

Mwaka wa 1976 akarudia, Lancer ile ile na Doig yule yule. Safari hii Mitsubishi wakachukua namba 1, 2 na 3. Joginder akawa mtu wa kwanza kuishinda Safari mara 3. Baadaye akaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeikimbilia Kenya, akafikisha mara 5. Lakini mlango ulifunguliwa na fundi.

NAMBA YA KUKUMBUKA NI 19

Ukiuliza watu rekodi ya Joginder, watakuambia 3. Mimi nakwambia shika hii nyingine: alishiriki Safari mara 22, akafika mwisho mara 19.

Rudia hapo juu ulinganishe. Kwa mbio ambazo mwaka mwingine zinamaliza gari 7, huyu mtu anafika mara 19 kati ya 22. Hiyo si kasi. Hiyo ni akili. Alijua lini akanyage na lini aachilie. Alijua gari ina pumzi kiasi gani, na hakuiomba zaidi ya hapo. Anayekimbia saa ya kwanza kuliko wote na injini ikalipuka saa ya pili hapati hata cheti.

Ndio maana inauma ukisikia jina lake likitumiwa kwa dereva mkora. Kukimbiza gari iliyojaa abiria si Ujoginder. Kushindana na nduthi usiku juu ya daraja la Nyali, au kwa ile barabara ya Malindi, bila kofia, na dem nyuma anashikilia, si Ujoginder pia. Frere Town tunawajua waliotoka hivyo jioni na hawakurudi. Yule Mmarekani wa NHRA aliliona hilo 1951, kwamba kijana anayependa kasi hawezi kuambiwa aache tu. Mpe uwanja, mpe kofia, mpe sheria. Pwani bado tunaungojea huo uwanja.

Lakini hatuko mbali sana na huo mchezo kama unavyodhani. Enzi za Joginder, Safari mara nyingi ilikuwa inateremka mpaka Mombasa, gari zinaingia zimepakwa udongo mwekundu wa Tsavo. Na tangu 2003 kumekuwa na Safari ya magari ya kale, zile Datsun 240Z, Escort na Porsche za wakati huo, na miaka kadhaa imeanzia au kuishia hoteli za hapa kaskazini mwa pwani. Ukisikia zinapita tena, usikae nyumbani. Vuka uende uzisikie. Sauti ya kabureta si sauti ya gari za siku hizi.

MWISHO WAKE

Joginder aliacha Safari na baadaye akaenda kuishi Uingereza. Alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Safari ilikuwa imetolewa kwenye ubingwa wa dunia tangu 2002, na hakuishi kuiona ikirudi. Ilirudi 2021, Naivasha, na watoto wakapanga mstari kando ya barabara vile vile, safari hii na simu mkononi.

Frere Town yenyewe ilianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokuwa wametolewa utumwani, wakaanza upya bila chochote ila mikono yao. Kengele yao bado iko pale Kengeleni, wewe huipita kila siku ukikimbilia matatu. Kwa hivyo huu mtaa hauna haki ya kucheka mtu anayeanza na kitu kilichotupwa.

Basi nyinyi wenye ile ndai juu ya mawe, msiwasikilize wanaosema ipelekwe kwa kilo. Ifungueni, muijue, muifunge tena. Ikianza kuwaka, vaeni mkanda kwanza. Halafu muiendeshe kama Joginder wa kweli, yule wa 19 kati ya 22.